Lowesha Kisu Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ya Jumapili kule Manga, mwanangu, nilipoharibu roli tatu za sushi moja baada ya nyingine, nikabaki na karatasi mbili tu za kukunjia. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimevaa aproni ya buluu, nimefunga mlango wa jikoni kwa komeo, na jasho lilikuwa linanichuruzika mpaka kwenye kope. Saa sita mchana mama mmoja mwenye hoteli angefika kuitazama kazi ya mkono wangu, na mkono wenyewe ulikuwa umekataa kazi.

Usicheke. Najua unajiuliza, mzee wa Nyakoe na sushi wapi na wapi? Lakini si wewe uliyenijia juzi na simu yako, ukanionyesha picha za roli ulizotengeneza nyumbani, wali umetoka pembeni, avokado imepondeka, na ile karatasi nyeusi imechanika? Ukaniambia, "Mzee, nimetazama video kumi na bado zinapasuka. Nakosea wapi?" Nikakuambia urudi siku ukiwa huna haraka. Umerudi, vizuri. Kung'uta hilo koti lako la mvua, keti hapo kwenye benchi, chai ndiyo hiyo. Nitakueleza jinsi nilivyokaripiwa, maana mimi sikujifunza kukata kwa kuonyeshwa picha.

Nilizaliwa Birongo, nyumba ya chai na ndizi, nyumba ya Wasabato. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache na sheria nyingi, na mojawapo ya sheria hizo ilikuwa kwamba mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hana shughuli jikoni. Hakuitunga yeye, ilikuwa ya kijiji kizima. Lakini kabla ya kutahiriwa, mimi nilikuwa mtoto wa jikoni hasa! Nilikuwa sibanduki kwa nyanya yangu, mama yake baba, ambaye sote tulimwita Magokoro. Nilikuwa nakaa karibu na mafiga, namchochea moto, namshikia sufuria akisonga ugali wa wimbi, kisha naramba mwiko. Nilikuwa na miaka tisa au kumi hivi Desemba ile nilipopelekwa kutahiriwa pamoja na wenzangu. Tulipopona tukavalishwa mashati mapya, tukaambiwa kila mmoja wetu sasa ni omomura, kijana kamili, na kiti chake kiko nje na wanaume.

Nilifurahi, kwa nini nikudanganye. Nilitembea kijiji kizima nikijionyesha. Lakini jioni ile harufu ya mboga ilinifikia kutoka kwa Magokoro, miguu ikanipeleka yenyewe, nikasimama pale kizingitini. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Chakula chako utaletewa nje." Hakusema kwa ukali. Nikarudi nyuma, na tangu siku hiyo sikuingia tena.

Basi nikamaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani miaka miwili nikichuma chai ya baba na kuuliza kazi kwa kila mtu aliyevaa tai. Ndipo nikasikia kwamba katika shule moja ya sekondari pale Manga kulikuwa na mwalimu wa hesabu kutoka Japani, aitwaye Mwalimu Tanabe, anayetafuta mtu wa kumfulia na kumpikia. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Alikuwa kijana mwenye miwani na pikipiki, mpole, anayeinama kidogo akikusalimu. Aliniuliza kama najua kupika, nikasema najua, na nilikuwa nimesema kweli, lakini nikaona haya kuisema.

Nyumbani nikawaambia nimeajiriwa kama msaidizi wa maabara. Ee, mwanangu, uongo una kazi nyingi kuliko kazi yenyewe! Ilibidi nieleze vyombo vya maabara, nieleze hatari zake. Siku moja baada ya ibada nilisimama mbele ya wazee nikawaeleza jinsi asidi inavyochoma ngozi. Asidi! Asidi pekee niliyokuwa naishika ni siki ya Mwalimu, ile ya kutia kwenye wali. Baba alinisikiliza akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajiona nimeukwaa ukubwa.

Na hiyo siki ndiyo inatuleta kwenye sushi. Mwalimu aliikumbuka sana kwao, na kila mara alipoletewa kifurushi kutoka huko, alitengeneza. Alichukua wali wenye kunata, ukatiwa siki na sukari kidogo, ukapoa. Alitandaza nori, yale majani ya baharini yaliyokaushwa mpaka yakawa mepesi na meusi mithili ya karatasi ya kaboni, juu ya kijimkeka cha vijiti vya mianzi. Juu yake wali, katikati avokado, tango na yai la kukaanga. Samaki mbichi hakuthubutu kununua huku mlimani, na mimi nilimshukuru Mungu kwa hilo. Kisha anakunja, na roli ikishakazwa anaikata vipande vinane. Avokado zetu alizisifu mpaka nikaanza kuzionea fahari. Mimi alinifundisha kupika wali na kukunja. Kukata alikata mwenyewe, nami sikuwahi kuuliza.

Sasa, kandarasi yake ilikuwa inakwisha. Mwezi uliofuata angerudi kwao, na mimi ningerudi Birongo kuchuma chai, nikieleza watu ni kwa nini maabara imefungwa. Mwalimu alinionea huruma. Alimjua mwanamke mmoja mfanyabiashara, Madam Nyaboke, mwenye nyumba ya wageni pale Kisii mjini, aliyekuwa anatafuta mpishi. Madam aliwahi kuzila zile roli kwa Mwalimu. Akamwambia, nami nikiwa nyuma ya pazia nasikia, "Ladha ya vitu hivi siielewi na sijali. Lakini mtu anayeweza kukata kitu laini namna hii kikabaki na sura yake, huyo anaweza kunikatia chochote. Huyo kijana wako akiweza, nitamchukua. Jumapili nitakuja kuona, na akate mwenyewe, si wewe."

Sikulala vizuri wiki ile. Jumapili ilipofika Mwalimu aliniachia karatasi tano za nori, zote alizokuwa amebakiwa nazo. Hakuna duka la Kisii wala la Nyamira lililokuwa na kitu kama hicho. Akaniambia, "Una muda wa kutosha, fanya polepole," akapanda pikipiki kwenda mjini kumchukua Madam.

Nami nikafunga mlango kwa komeo. Nilikuwa nafunga siku zote, maana watu wa Birongo walikuwa wanapita Manga, na ningesema nini mtu wa kwetu akinikuta na aproni?

Roli ya kwanza niliikata kama mtu anayekata muwa, nikakandamiza kisu kwa nguvu, ikabonyea ikawa bapa na avokado ikatoka kwa mbele. Ya pili niliibana kwa vidole isitawanyike, ikatawanyika. Ya tatu nilisema labda kasi ndiyo siri. Tobaa! Wali uligandama kwenye kisu, nori ikafuata wali, na kipande kikabaki kinaning'inia. Nikasimama nikitazama ule uchafu kwenye ubao. Karatasi mbili zilibaki. Nilihisi kama nimeshaanza kupanda kile kilima cha kurudi kwa baba.

Hapo ndipo mlango uligongwa kwa fimbo.

"Nani?" nikauliza.

"Ni mimi. Fungua."

Sauti hiyo ningeitambua hata usingizini. Nikashika kamba za aproni nizifungue, zikakaza fundo. Nikavuta, zikakaza zaidi. Fimbo ikagonga tena. Nikafungua mlango, na pale alikuwa Magokoro, amejitwika kikapu cha ndizi mbivu, vumbi la njia mpaka magotini. Alikuwa ametoka Birongo alfajiri, kwa miguu, na umri wake ule.

"Nimekuja kuona maabara," akasema kwa Kikisii. "Na hizi ndizi ni za mkubwa wako."

Alinipita, akatua kikapu, akatazama meza, jiko, sufuria, ubao. Akaitazama aproni yangu kutoka juu mpaka chini. Akachukua chupa ya siki, akainusa, akakunja pua. "Na hii ndiyo ile asidi?"

Mwanangu, kuna aibu inayokufanya utamani kumezwa na ardhi, na mimi siku hiyo niliijua. Nikaketi nikamweleza yote. Kazi yenyewe, uongo, Mwalimu kuondoka, Madam Nyaboke saa sita, karatasi mbili. Nilitarajia anipige na ile fimbo. Hakunipiga. Alivuta kiti cha Mwalimu, akaketi, akanyoosha miguu, akasema, "Kunja kimoja nikuone."

Nikakunja. Kukunja nilijua. Nikachukua kisu, nikakiweka juu ya roli, nikavuta pumzi.

"Weka chini!" Nikaweka. "Hicho chakula kimekukosea nini? Una hasira nacho."

"Sina hasira, Magokoro."

"Unayo. Tangu niingie umeangalia mlango mara nne. Unakata huku umetega sikio nani anapita nje. Mkono wa mtu anayeona haya unakimbia, na ukikimbia unakandamiza." Kisha akaniuliza swali ambalo lilionekana halihusiani na lolote. "Nilipokuwa napakua ugali wa wimbi kwa kile kibuyu changu, nilikuwa naanza na nini?"

"Unakilowesha kwa maji."

"Kwa nini?"

"Ugali usigande."

"Na huu wali haugandi?"

"Unaganda."

"Kisu umekilowesha?"

Mara ngapi nilimwona akichovya kibuyu kwenye maji, akauteka ugali, akauzungusha ukatoka mzima, laini, hauna hata mkwaruzo? Mara elfu! Na Mwalimu je? Kila alipokata alikuwa na kitambaa chenye maji pembeni ya ubao, nami miezi yote hiyo nilidhani ni cha kupangusia meza. Nilikuwa nimekiona na sikukiona. Kichwani mwangu kulikuwa na jiko la Wajapani na jiko la Magokoro, na niliamini kwamba hayo mawili hayajuani. Hivyo vya kwa Magokoro nilikuwa nimeviacha kizingitini pamoja na utoto wangu.

Ni kama alinisoma. Akasema polepole, bila kunitazama, "Siku ile nilikutoa jikoni kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Nilikutoa wewe ukakae nje na wenzako. Sikuitoa mikono yako. Ni nani alikuambia uisahau?"

Nikamsogezea kisu.

Akakishika kisu, akakijaribu kwenye ukucha wa dole gumba. "Hiki hakikati, kinasukuma." Akatoka nje mpaka kwenye mfereji, akaokota jiwe bapa, akaanza kunoa. Mwanangu, alinoa! Upande huu, upande ule, anatia maji, anatazama ukali juani, anarudia. Mimi nilikuwa nahangaika mlangoni kama mtu aliyebanwa na mkojo. "Magokoro, saa zinakwenda!" Akanijibu, "Saa ziko. Kisu ndicho hakikuwepo." Alipomaliza kwenye jiwe akaomba kikombe cha udongo, akakipindua, akapitisha kisu kwenye ule ukingo mkavu wa kitako chake, taratibu, mara kumi hivi. Akakata unyasi mmoja hewani. Ukaanguka.

Nikataka kukata papo hapo. Akanizuia tena. "Ugali ukitoka kwenye moto unauvamia? Si unaupa muda ujishike? Na hiki kipe muda." Nikakumbuka kwamba Mwalimu pia alikuwa anailaza roli, mshono ukiwa chini, kabla ya kukata. Na kweli, nori ilipokaa kidogo ikanywa unyevu wa wali, ikalainika, ikashikamana. Zile tatu nilikuwa nimezikata ikiwa bado kavu.

Kisha nikachovya kisu kwenye maji, nikakikung'uta tone lianguke, nikakata katikati. Sikukandamiza. Nilikiacha kisu kishuke kwa uzito wake huku nakivuta kuja kwangu, mvuto mmoja mrefu. Roli iligawanyika pande mbili, na nilipoziinua, katikati kulikuwa na kijani cha avokado, manjano ya yai na weupe wa tango, kila kimoja mahali pake! Nikacheka kwa sauti. Nikazilaza nusu mbili pamoja, nikakata tena, na kipande cha pili kikachanika.

Akanichapa kiganja kwa mwiko wa Mwalimu. "Umefuta?"

Sikuwa nimefuta. Wanga wa wali ulikuwa umebaki kwenye kisu. Tangu hapo kila mkato nilifuta kwa kitambaa, nikalowesha, nikakata, nikafuta, nikalowesha, nikakata. Roli ile ilitoa vipande sita vya kupeleka mezani na viwili vya kuficha. Ya mwisho, ile karatasi ya tano, nilikata peke yangu. Magokoro alikuwa amenigeuzia mgongo anatazama dirishani, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na nina hakika alifanya makusudi. Alipogeuka vipande vinane vilikuwa vimesimama kwenye sahani.

Alikula vile viwili vya kuficha. Alitafuna muda mrefu. "Ndani kuna nini?"

"Avokado, tango na yai."

"Hakuna nyama?"

"Hakuna, Magokoro."

"Maskini, hawa watu," akasema, na alimaanisha.

Ndipo tukasikia pikipiki ikipanda kilima.

Mwanangu, nisikilize hapa vizuri, kwa maana haya mengine yote ya kisu ni rahisi. Magokoro alisimama. Akachukua kikapu chake cha ndizi, akajitwika, akakaza kitambaa kichwani. Akaniambia, "Nitatoka kwa nyuma. Wakiniona nitasema mimi ni mama wa kuuza ndizi. Siri yako usiwe na wasiwasi nayo, baba yako hataisikia kwangu."

Nilimwona mkongwe yule, aliyetembea tangu alfajiri, aliyeninolea kisu mpaka vidole vikasinyaa kwa maji, yuko tayari kwenda kusimama nje kama mgeni ili mimi nisiaibike. Na nilijua kukaa nje wakati chakula kiko ndani kunavyouma. Nilimtua kikapu, nikamkalisha tena kwenye kiti cha Mwalimu, nikaenda nikalifungua lile komeo na kuuacha mlango wazi kabisa, na aproni yangu kiunoni.

Madam Nyaboke aliingia akasimama mezani. Hakusalimu kwanza, aliinama akaitazama sahani. Akageuza kipande kimoja kwa uma, akageuza kingine. Mwalimu alikuwa nyuma yake na amefumba macho, nadhani alikuwa anaomba kwa lugha yao.

"Nani amekufundisha kukata hivi?"

Njia nyepesi ilikuwa imesimama pale na miwani yake. Ningesema ni Mwalimu na hakuna ambaye angepinga. Nikasema, "Nyanya yangu. Ndiye huyo ameketi hapo. Na mimi ndimi mpishi wa Mwalimu, mwaka wa pili sasa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, mpishi, mbele ya mtu wa kwetu. Nilidhani paa litaanguka. Halikuanguka. Madam Nyaboke alimgeukia Magokoro, akaona kumbe kuna mkubwa ndani ya nyumba, akaenda akamwinamia na kumpa mikono yote miwili. Wakasalimiana Kikisii kirefu, wakaulizana koo, mvua na mahindi, na sahani yangu imesahaulika! Alipokuwa anaondoka ndipo akanitupia neno mlangoni. "Jumatatu ya wiki ijayo, saa kumi na mbili asubuhi. Na uje na hicho kisu."

Nilimsindikiza Magokoro mpaka Birongo jioni ile. Njiani sikumwomba aniombee kwa baba, naye hakujitolea. Nikamkuta baba nje kwenye kiti chake, nikamwambia nimesimama, "Baba, mimi si wa maabara. Mimi ni mpishi." Alinitazama. Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sitakuambia kwamba alinikumbatia kesho yake. Hakunikumbatia. Nilifanya kazi kwa Madam miaka mingi, nikaoa, nikasomesha watoto, nikafungua hapa Nyakoe hoteli hii yangu ndogo, na muda wote huo nilikwenda nyumbani kila mwezi na baba alipokea nilicholeta na hakuniuliza kazi. Tuliongea ng'ombe. Tuliongea bei ya majani chai. Magokoro alifariki, akazikwa, na kibuyu chake nikaomba nipewe mimi, wajukuu wa kike wakanicheka. Kile pale juu ya kabati.

Kisha asubuhi moja, baba akiwa mzee wa mkongojo, nilisikia mtu anakohoa kwenye mlango wa nyuma, ule wa jikoni. Nikageuka. Baba yangu alikuwa amesimama kizingitini na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Akasema, akitazama pembeni, "Nasikia unajua kunoa." Kilikuwa kisu chake cha kuchinjia, butu kabisa.

Nikamwambia, "Karibu ndani, baba." Akatazama jiko. Akatazama chini kwenye kizingiti, pale pale, kwa muda. Halafu akavuka. Aliketi kwenye kigoda karibu na moto, na mimi nikanoa upande huu na upande ule, kwenye jiwe, kisha kwenye kitako cha kikombe, bila haraka. Siku hiyo nilikuwa na oda ya roli za wageni fulani. Nikalowesha kisu, nikakata, nikafuta, naye ananitazama mikono. Nikampa kipande cha mwisho. Akakitafuna, akakitafuna, akaniuliza, "Hakuna nyama?"

Nilicheka mpaka nikalia, mwanangu, na yeye hakujua ni kwa nini, naye akacheka.

Basi sikiliza. Noa kisu chako mpaka kiwe kikali kweli, maana kisu butu kinasukuma. Kunja roli yako usiijaze kupita kiasi, ilaze mshono ukiwa chini, uipe muda ijishike. Lowesha kisu kwanza. Kata katikati, kisha nusu kando ya nusu, kwa mvuto mrefu, wala usikandamize. Kila mkato futa, lowesha, ndipo ukate tena. Hayo video zako pia zimekuambia, na bado roli zinapasuka, kwa sababu video haijui kwamba wewe unapika umefunga mlango. Mimi najua. Mama yako aliniambia kwamba unapika sebule ikiwa tupu, na rafiki zako wakipiga hodi unavua aproni unaificha chini ya kochi. Huwezi kukata vizuri huku umetega sikio. Kazi unayoionea haya itakuumbua, na ile unayoikubali mbele ya watu, hiyo mikono yako itaitii. Tena usidhani kitu kigeni lazima ukianze na mikono mitupu. Uliza kwanza kule ulikolelewa walifanyaje, na wataje waliokufundisha wakiwa bado wako hai wasikie.

Haya, mvua imekatika. Mungu wa Magokoro aitulize mikono yako, akupe watu wa kukaa nao jikoni, na chakula chako kisikose wa kukila. Kile kisu kilicho juu ya ubao ni chako, nimekunolea jana. Nenda nyumbani ukakunje roli yako, na kabla ya kukata, fungua mlango.